Maji Yakikatika, Tuhesabu Kabla ya Kulaumu

Kiangazi kikikaza Nanyuki, maji huja kwa mgao na wa kulaumiwa hakosi kupatikana. Mjomba wangu huyataja mashamba ya maua ya Timau. Jirani hulaani mikaratusi iliyopandwa kandokando ya mto. Vijana wa stejini wanasema barafu ya Mlima Kenya imekwisha. Barafu inayeyuka kweli, lakini mito kama Likii na Burguret hutegemea zaidi mvua inayohifadhiwa na msitu. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ila mwenye kipimo hayupo.

Hapa Cape Town ninakoishi tulibishana vivyo hivyo. Mvua zilipungua mno 2015, 2016 na 2017. Wako waliowalaumu wakulima wa zabibu, wako waliowalaumu matajiri wenye mabwawa ya kuogelea, wengine misonobari ya kigeni milimani. Tofauti ni kwamba hesabu ilikuwa hadharani. Kila wiki jiji lilitangaza kiwango cha maji kwenye mabwawa. Kuanzia Februari 1, 2018, kila mtu aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku. Nilioga nikiwa nimesimama ndani ya beseni, na maji hayo ndiyo niliyomwaga chooni. Mwezi huo huo, wakulima wa eneo la Groenland walilifungulia jiji takriban lita bilioni 10 kutoka mabwawa yao.

Haki haikuwa kamili. Kwenye mitaa ya mabanda, watu walikuwa wakipanga foleni kwenye bomba moja miaka mingi kabla ya ukame huo.

Nyumbani Kenya hatukosi nyenzo. Tangu Sheria ya Maji ya 2002 tuna vyama vya watumiaji maji vinavyogawana zamu za mto. Kanuni za maji za 2007 zilimtaka mwenye kunyunyizia shamba ateke maji ya mafuriko na kuweka akiba ya siku 90. Nayo kampuni ya maji ya Nyeri imeongoza mara nyingi katika orodha ya kitaifa ya utendaji, na upotevu wa maji kwake uko chini sana ya wastani wa nchi.

Kinachokosekana ni kuviweka vipimo mahali mwananchi anavisoma. Kwenye mkutano ujao wa chama cha mto wenu, ulizeni mambo matatu: mto una maji kiasi gani leo, nani ana kibali, na anateka kiasi gani. Viongozi wakiwajibu, bandikeni majibu sokoni.