Kichwa cha Hadubini na Fedha za Wazazi

Leo twataka kuwaeleza kosa letu wenyewe, ili mwingine asilirudie. Fedha zilizopotea katika kosa hilo hazikuwa zetu. Zilikuwa za wazazi wa watoto tunaowafundisha, na wengine wao waliuza kuku ili wazipate.

Shuleni petu kuna hadubini moja kuukuu, yaani chombo cha kutazamia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho matupu. Chini ya bomba lake pana kichwa kinachozunguka, chenye matundu 4, na katika kila tundu imekazwa lenzi: ya kukuza mara 4, ya mara 10, ya mara 40 na ya mara 100. Mwanafunzi huanza na ile ndogo, kisha hukizungusha kichwa. Gololi ndogo inayosukumwa na kamani huingia katika kishimo chake, ikalia ta! Ndipo ajue ya kuwa lenzi imesimama sawasawa.

Basi siku moja tukaona lenzi ya 40 imeota kuvu, haionyeshi kitu. Wazazi wakachanga, nasi tukashika njia mpaka mjini. Tukamwambia mwenye duka, “Twataka lenzi ya 40,” wala hatukusema neno zaidi. Tukalipa, tukarudi kwa furaha. Kumbe lenzi ile ni nene kuliko tundu! Tukarudi tena mjini, tukaongeza fedha, tukabadilishiwa. Hiyo ya pili ikaingia vizuri, nasi tukajiona mafundi. Lakini mwanafunzi alipozungusha kichwa kutoka lenzi ya 10 kwenda ya 40, tukasikia kioo kikivunjika. Lenzi mpya ilikuwa ndefu mno. Ikakipiga kioo kilichowekewa kitu, na uso wake ukakwaruzika. Mtoto yule akalia, akidhani kosa ni lake.

Tukamwendea mpimaji wa damu wa zahanati, mtu aliyezoea chombo hiki miaka mingi. Akatuuliza, “Mwalimu, mlipima nini kabla ya kununua?” Tukanyamaza. Ndipo akatufundisha mambo matatu.

La kwanza ni upana wa hesi. Zamani kila mtengenezaji alichonga hesi yake mwenyewe. Mwaka wa 1858 chama cha wataalamu wa hadubini huko London kiliweka kipimo kimoja, ili lenzi ya huyu iingie katika hadubini ya yule. Upana wake ni inchi 0.8, yaani milimita 20 na kidogo, na hesi 36 katika kila inchi. Kipimo hicho chatumika hata leo, lakini si peke yake. Ziko hadubini za Nikon zenye hesi ya milimita 25, na za Zeiss zenye milimita 27. Lenzi nyembamba yaweza kuvishwa pete ikaingia katika tundu pana. Lakini lenzi nene haiingii kabisa katika tundu jembamba.

La pili ni urefu, kutoka bega la lenzi hadi kitu kinachotazamwa. Lenzi zote za kichwa kimoja zapasa kuwa na urefu huo sawa, ili kichwa kikizungushwa kitu kibaki kikionekana. Kipimo cha Kijerumani kiitwacho DIN ni milimita 45. Zile za Nikon zenye hesi ya 25 ni milimita 60. Zetu kuukuu ni milimita 36. Tulikuwa tumechanganya 45 na 36, na zile milimita 9 ndizo zilizovunja kioo.

La tatu ni maandishi yaliyo ubavuni mwa lenzi. Palipoandikwa 160, lenzi ilifanywa kwa bomba la urefu wa milimita 160. Penye alama iliyo kama 8 iliyolala, ilifanywa kwa hadubini ya namna nyingine, yenye lenzi ya ziada ndani ya bomba. Hata hesi zikikubaliana, picha haitakuwa safi.

Tukauliza kama ingefaa kununua kichwa kizima. Akasema navyo ni namna nyingi. Viko vya matundu 3, 4, 5, hata 6 na 7. Vingine vimefungwa kwa skrubu. Vingine huteleza katika mfereji na kutoka vyote. Vingine huzielekeza lenzi zisizotumika nyuma, mkono upate nafasi ya kuweka kioo. Lakini ulimi wa kampuni moja hauingii katika mfereji wa nyingine. Akatuonya pia tushike pete ya kichwa tunapozungusha, tusivute lenzi zenyewe, maana hulegea.

Tulimwomba radhi yule mtoto mbele ya darasa. Kisha tukawaita wazazi, tukakiri yote. Mzee mmoja akauliza, “Vipimo sasa mwavijua?” Tukafungua daftari, tukasoma: hesi milimita 20.32, urefu 36, bomba 160. Akasema, “Basi tutachanga tena, lakini safari hii daftari liende mjini pamoja nanyi.”

Likaenda. Lenzi ya tatu iliingia, ikazunguka, ikalia ta! bila kugusa kioo. Vipimo vile sasa vimebandikwa ndani ya sanduku la hadubini, atakayetufuata asianze kwa hasara. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.