Tangu Namba Mbili ya Thabeet

Sisi mashabiki wa kikapu wa rika langu hapa Dar es Salaam tuliijua NBA kwa namba kabla hatujaijua kwa macho. Miaka ya tisini mechi zilitufikia kwenye mikanda ya video iliyokopeshwa mtaa kwa mtaa, pengine msimu wenyewe umeshakwisha na picha zimechoka kwa kurekodiwa juu ya kurekodiwa. Namba ndizo zilizofika salama. Tulijua kwamba katika drafti ya 1984, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, Houston walimchukua Hakeem Olajuwon wa Nigeria namba moja, Portland wakamchukua Sam Bowie namba mbili, na Michael Jordan akabaki hadi namba tatu, ndipo Chicago wakampata. Tulijua Dikembe Mutombo wa Kinshasa alichaguliwa namba nne na Denver mwaka 1991. Jioni tulibishana juu ya hayo pembeni ya uwanja wa Don Bosco, Upanga, na mwenye jarida mkononi, hata liwe la zamani kiasi gani, ndiye aliyefunga mjadala.

Kisha ukaja mwaka 2009 na namba ikawa ya kwetu. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar mwenye urefu wa futi saba na inchi tatu, alikuwa amemaliza misimu mitatu katika Chuo Kikuu cha Connecticut akizuia mipira ya wapinzani kwa namna iliyowafanya wengi waogope kuingia chini ya kikapu. Tarehe 25 Juni huko New York, kwetu ikiwa usiku wa manane wa kuamkia tarehe 26, kamishna David Stern alilitaja jina lake mara tu baada ya Blake Griffin. Memphis Grizzlies, chaguo namba mbili. Mtanzania wa kwanza kuingia NBA.

Habari hiyo niliipata asubuhi, kwenye intaneti kafe ya Kariakoo. Ukurasa ulifunguka taratibu kutoka juu kwenda chini: kofia ikatangulia, uso ukafuata, na mwisho kabisa mikono miwili iliyoshikana, mmoja ukiwa karibu umeumeza mwingine. Vijana wa kompyuta za jirani waliacha walichokuwa wakifanya, wakaja kusimama nyuma yangu. Hakuna aliyekuwa amemwona Thabeet akicheza mechi nzima. Namba ilitutosha.

Na kwa kuwa tulikuwa na namba peke yake, hiyo hiyo ndiyo iliyomgeuka. Februari 2010 Memphis walimpeleka kwa muda Dakota Wizards, timu ya ligi ndogo. Mwaka mmoja baadaye wakampeleka Houston katika mabadilishano yaliyomrudisha Shane Battier Memphis. Mitaani maneno yakawa makali. Namba mbili gani hii? Waliochaguliwa nyuma yake tuliwahesabu kwa vidole: James Harden namba tatu, Stephen Curry namba saba, DeMar DeRozan namba tisa. Mzigo wote akabebeshwa kijana mmoja, na sisi tuliombebesha hatukuwa tumeona hata dakika alizocheza.

Mabadilishano ya wachezaji ndiyo yaliyonifundisha kusoma jambo hili upya. Machi 2012 Houston waliwatoa Thabeet na Jonny Flynn, pamoja na haki ya chaguo la raundi ya pili, wakamchukua Marcus Camby kutoka Portland. Flynn huyo ndiye Minnesota waliyemchagua namba sita mwaka 2009, nafasi moja tu kabla ya Curry. Chaguo namba mbili na chaguo namba sita wakasafirishwa pamoja kumfuata mkongwe mmoja, kwa sababu Houston walihitaji mtu wa ribaundi msimu huo huo. Agosti 2014 Oklahoma City, timu yake ya baadaye, nao walimhamishia Thabeet Philadelphia, na siku chache baadaye Philadelphia wakamwachia. Hapo hesabu ilikuwa ya mishahara, si ya kikapu. Kanuni za ligi zinaizuia timu iliyovuka ukomo wa mishahara kupokea mishahara inayozidi mno ile inayoitoa, kwa hiyo jina la mchezaji linaweza kuongezwa kwenye mabadilishano ili jumla ikubali tu.

Nikielewa hivyo, namba ya drafti nikaanza kuiona ni habari ya timu kuliko ya mchezaji. Inasimulia walichokuwa nacho na walichokosa usiku ule. Memphis walikuwa tayari na senta, Marc Gasol, na kiangazi kile kile wakamleta Zach Randolph. Kijana aliyeanza kikapu akiwa ameshavuka utoto alihitaji dakika nyingi za kukosea na kusahihishwa. Pale Memphis, dakika hizo zilikuwa na wenyewe.

Kilichotukomboa na ushabiki wa namba ni vifaa. Simu janja na bando vilituletea mechi nzima, na marudio kwa aliyelala. Huko Marekani nako, kuanzia msimu wa 2013–14, kila uwanja wa NBA ulifungwa kamera sita za mfumo wa SportVU juu ya dari, zikifuata mpira na wachezaji wote kumi. Tangu hapo mtu aweza kujua senta amekimbia umbali gani, na washambuliaji wanakosa mara ngapi akisimama mbele yao. Kazi ya mlinzi, ambayo zamani ilifichwa na safu ya pointi, ikaanza kuonekana. Mara nyingi hujiuliza Thabeet angehukumiwaje kama angekuja wakati huu.

Njia za kuonekana nazo zimeongezeka. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alichaguliwa namba saba mwaka 2011 na Sacramento, na usiku ule ule haki yake ikahamia Charlotte. Hakutegemewa kwa pointi, lakini alidumu ligini miaka mingi kwa ulinzi na ribaundi. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, alichukuliwa namba saba na Golden State mwaka 2021. Mwaka huo huo BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, ilianza Kigali, na nilitazama fainali, Zamalek wakibeba kombe, nikiwa nimekaa barazani kwetu na simu mkononi.

Katika ligi hiyo ndipo tulipomwona Khaman Maluach kabla ya Wamarekani wengi. Alizaliwa Sudan Kusini, akakulia Kawempe, Kampala, na mwaka 2024 alivaa jezi ya City Oilers ya Uganda. Alipochaguliwa namba kumi Juni 2025, alipanda jukwaani na kofia ya Houston huku tukijua anakwenda Phoenix, kwa kuwa chaguo lile lilikuwa sehemu ya biashara ya kumpeleka Kevin Durant Houston. Nilifurahi kama nilivyofurahi 2009, ila safari hii nilijua ninachokifurahia: miguu myepesi kwa mtu wa futi saba na zaidi, na mikono inayojua kusubiri mpira.

Ndiyo maana nawasihi makocha wetu wa Dar, Mwanza na Arusha: rekodini mechi nzima za vijana, hata kwa simu moja iliyofungwa kwenye nguzo, na wekeni kumbukumbu za dakika, ribaundi na bloki za kila mmoja. Mtoto aliyeonekana vizuri nyumbani ataondoka na ushahidi wa uwezo wake, na akifika huko mbele, namba yoyote atakayopewa haitakuwa peke yake katika kumsemea.