Pipa la Mabibo

Mama yangu alikuwa akilia kila jioni, na hakuna aliyefiwa. Ni kuni mbichi. Alipuliza moto, akafuta macho kwa upindo wa kanga, akakohoa, akasonga ugali. Sisi tulikula tu.

Nilipomaliza kidato cha nne nikasoma habari za CAMARTEC ya Arusha, waliokuwa wakieneza mitambo ya bayogesi tangu miaka ya 1980. Kinyesi cha ng'ombe na maji, nusu kwa nusu, ndani ya shimo lililojengewa lisipitishe hewa. Vijidudu vinakula, vinatoa gesi. Zaidi ya nusu yake ni methani, inayowaka bila moshi. Nikasema, basi, mama kapona.

Lakini, ndugu msomaji, Ruangwa si Arusha. Mtaani kwetu ng'ombe ni wa kuhesabu. Tulicho nacho ni mikorosho, na msimu ukifika mabibo yanaoza chini mpaka nzi wanalewa. Nikatafuta pipa, mpira wa maji na tyubu ya gari. Nikashindilia mabibo, nikatia samadi ya mbuzi kiduchu, nikaziba. Washikaji wakaniita Profesa.

Siku ya kumi tyubu ikavimba. Nikaita watu. Nikawasha njiti, nikafungulia mpira. Njiti ikazimika. Ya pili, ikazimika. Watu walicheka hadi wakakaa chini.

Baadaye nikaelewa. Sukari ya matunda hugeuka asidi upesi, na vijidudu vya methani haviwezi asidi. Gesi yangu ilikuwa kabonidayoksaidi, ile ile inayozima moto. Mama peke yake hakucheka. "Baba, hata mgonjwa humpi sahani nzima siku ya kwanza." Akarudi kwenye kuni zake.

Mwaka huu nimelifufua pipa. Nimeanza na samadi tupu kutoka machinjioni, nikangoja wiki kadhaa, ndipo nikaanza kulilisha mabibo, bakuli moja moja. Juzi gesi imewaka! Samawati, kimya. Ikachemsha maji ya chai, kikombe kimoja, ikaisha.

Nikamweleza mama kwamba mtambo wa kupikia chakula cha nyumba nzima unataka shimo kubwa, na ndoo za maji kila siku.

Akanywa chai yake. "Na hayo maji atachota nani?"

Swali hilo sikulikuta katika kitabu chochote. Asubuhi nilichukua ndoo mbili, nikaenda kisimani mwenyewe. Washikaji walinipigia miluzi. Poa tu.