Tulipowapeleka Wazazi Kupumzika Entebbe

Hapa tumezoea kuandikiana juu ya shule, kazi na makaratasi. Leo tunataka kuwaandikia juu ya likizo. Ndiyo, likizo, na msicheke.

Sisi ni ndugu watatu. Wawili tunaishi Kampala, mmoja amebaki na wazazi Nakivale. Baba ana miaka 74, mama 69. Tangu tufike kambini mwaka 2013 walikuwa hawajavuka Mbarara, na hapo Mbarara walipelekwa na ugonjwa. Kwa miezi 9 tuliweka shilingi 20,000 kila mmoja kila mwezi, kimyakimya. Tulitaka wakae siku mbili bila kupika wala kulima, waangalie maji tu. Wazazi wetu ni watu wa Baraka, kule Fizi, pembeni ya Ziwa Tanganyika, na baba alikuwa mvuvi wa ndagala. Nakivale nako kuna ziwa, lakini baba huliita dimbwi.

Tulipowaambia, baba akakataa palepale. "Mie nitaenda kufanya nini kule? Na wakikuja kuhesabu watu?"

Mnaoishi kambini mnaelewa. Wenzetu wa Nyarugusu, kwenu kutoka ni kibali kwanza. Hapa Uganda Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea nchini, kwa hiyo baba hakushikwa na sheria. Alishikwa na woga kwamba wataita jina lake naye hayupo. Tulingoja mpaka zoezi la kuweka vidole liishe, ndipo akakubali. Hata hivyo alibeba kadi ya familia ndani ya shati safari nzima, na usiku alilala nayo.

Sasa basi. Hapa tulikosea, na tunaandika ili ninyi msikosee. Mbarara hadi Kampala ni kama kilomita 270. Tulikuwa tumehesabu nauli, chakula, vitanda, hata soda. Choo tulisahau. Baba ana sukari, hawezi kukaa saa mbili. Konda alisema gari linasimama Lukaya tu, na alisema hivyo bila hata kugeuka. Kumbe baba tangu asubuhi alikuwa amekataa kunywa maji ili asitusumbue, na sisi hatukuona. Tulipopita Masaka akashindwa. Mama hakusema neno. Alifungua kitenge cha juu akamfunika miguuni, akatuangalia kwa macho ya "nyamazeni." Lukaya wauzaji walijaa madirishani na kuku wa kuchoma na gonja, sisi tukawa tunamtafutia baba mahali pa kubadilisha suruali. Pale Kayabwe kwenye alama ya Ikweta abiria walitoa simu kupiga picha. Baba aliangalia upande mwingine. Hakuongea mpaka Kampala.

(Tulimuuliza kama tunaweza kuandika hili. Alijibu, "Andikeni, banangu. Wengine nabo bajue.")

Entebbe tulilipia ufukwe wenye viti na muziki. Baba alikaa kwenye kiti cha plastiki, koti mwilini, akaangalia Ziwa Victoria kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. "Hili halina ng'ambo," akasema. Baraka ukisimama ufukweni unaona milima ya Ubwari ng'ambo ya maji. Baada ya saa moja akauliza tunarudi lini. Tuseme ukweli, tulikasirika. Miezi 9! Tukaanza kulaumiana chinichini ni nani alileta wazo hili.

Aliyetuokoa ni mama, kwa pua yake. "Kuna ndagala hapa," akasema, akasimama, akaanza kutembea. Tukamfuata mpaka kwenye mwalo wa wavuvi. Hawakuwa ndagala, walikuwa mukene, wameanikwa juani, lakini kwa mama ilikuwa harufu ya nyumbani. Wavuvi walikuwa wamekaa wanashona nyavu mchana kweupe. Baba akawauliza kwa Kiswahili, "Ni mwezi, eh?" Mmoja akacheka. Ni mwezi kweli. Mukene wanavuliwa usiku kwa taa, sawa na ndagala, na mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, samaki hawakusanyiki. Basi wavuvi wanabaki nchi kavu.

Baba akakaa chini kwenye mchanga, na lile koti lake. Akaomba sindano. Mikono ilitetemeka, fundo la kwanza likaharibika. Kijana wa pale akalifungua, akalifunga upya, akamrudishia sindano bila kusema kitu. Baba akawaeleza jinsi kwao walivyofunga mitumbwi miwili pamoja na kuinua wavu katikati. Tulimtoa pale giza limeshaingia.

Kesho yake akarudi mwaloni, ufukwe tuliolipia hakuutaka tena. Mama alikaa pale peke yake, miguu ndani ya maji, soda mkononi. "Sasa njo nimepumzika," akasema.

Kurudi tulikata safari, tukalala Masaka, tukapanda taksi ndogo zinazosimama ukiomba. Pesa zote ziliishia hapo. Kambini hakuna aliyekuwa amepita kuhesabu.

Juzi usiku baba alitupigia simu Kampala kuuliza kama mwezi kwetu umeshaisha. Tulitoka nje kuangalia. Ulikuwa umebaki kidogo.