Kushuka Uvira: mama anakula nini njiani?

Katika chama chetu wengi tunasafiri kwa ajili ya kazi. Kuna walimu wanaotumwa kusimamia mitihani, kuna wauguzi wanaoitwa kwenye mafunzo, na kuna wamama wa biashara wanaofuata ndagala na mawese. Barabara tunayoijua zaidi ni ile ya Bukavu kwenda Uvira. Leo tuipite pamoja, kituo kwa kituo, tukiangalia jambo moja tu: mama anakula nini njiani, na anarudi nyumbani na afya gani.

Tuseme ukweli. Wengi wetu tukipewa posho ya safari, tunaiona tayari kuwa ni minervali ya watoto. Basi tunafunga tumbo. Asubuhi mpaka jioni ni andazi moja na soda. Maji hatunywi, kwa sababu tunaogopa kumwomba dereva asimame. Tunarudi na homa au na tumbo, na zile franga tulizozibana zinaishia kwenye dawa. Watoto hawakupata minervali, na mama hakupata nguvu.

Safari njema inaanza jikoni, usiku wa kuamkia safari. Chemsha viazi vitamu na mayai, uyaache na maganda yake. Kaanga karanga kidogo. Ukipita soko la Kadutu siku moja kabla, nunua avoka mbili zisizoiva sana na ndizi mbivu. Chemsha maji, yapoe, ujaze chupa mbili. Asubuhi kunywa uji wa mahindi, mtama na soya kabla ya kutoka. Chakula hicho si cha gharama, na kinakaa tumboni kuliko soda na mandazi.

Ukitoka Bukavu kwa njia ya Nyangezi, unafika Ngomo. Wanaoujua mlima ule hawahitaji maelezo: kona juu ya kona, bonde liko chini ya dirisha. Magari mengi hupita upande wa Rwanda kukwepa kona hizo, lakini si kila mtu ana karatasi au pesa ya njia hiyo. Ukiwa mtu wa kutapika, kula kidogo bila mafuta, kaa mbele ukiweza, na macho yaangalie barabara, si simu. Tafuna kipande cha tangawizi. Mvua ikinyesha, gari linaweza kukwama katika matope saa nyingi. Hapo ndipo viazi vyako vitakuwa na thamani, na jirani yako mwenye mtoto atakushukuru.

Chini ya mlima ni Kamanyola. Umetoka kwenye baridi ya mita karibu 1500 na sasa unashuka kuelekea ziwa Tanganyika, lililo chini kwa mita karibu 700 kuliko ziwa Kivu. Joto linakupokea mlangoni mwa gari. Jasho linatoka bila wewe kujua, na kichwa kinachouma hapo mara nyingi kinaomba maji. Kunywa kidogo kidogo, usingoje kiu.

Na choo? Tulizungumze, maana ni jambo letu. Mama asiyekunywa maji siku nzima na kubana mkojo anajitafutia ugonjwa wa njia ya mkojo, na kwa mwenye mimba hatari ni kubwa zaidi. Kabla ya kulipa nafasi, wamama wa gari moja mpatane na dereva mahali pa kusimama. Mkisema mkiwa watatu au wanne, atasikia. Chukua kitenge cha ziada, karatasi na kipande cha sabuni.

Gari likisimama, watoto wanakuja mbio na sahani kichwani. Shika sheria mbili: kile kinachotoka motoni mbele ya macho yako, au kile unachokimenya mwenyewe. Hindi la kuchoma, yai lenye ganda, ndizi, embe uliloliosha kwa maji yako: ndiyo. Ananasi lililokatwa tangu asubuhi na inzi juu yake, au juisi ya maji usiyoyajua: hapana, hata kama ni ya bei ndogo.

Kuanzia Luvungi mpaka Sange unaingia katika nchi ya mchele, nyanya na mihogo. Ukiingia malewa, angalia sufuria kwanza: iko motoni, au imepoa tangu saa nne? Angalia pia maji ya kunawa. Tena, wanatupakulia mlima wa bugali na mboga ya kuonja. Omba kinyume chake: bugali kidogo, maharagwe na sombe zaidi. Mara nyingi mama wa malewa anakubali, na mchana hutasinzia katikati ya kazi.

Uvira kuna utajiri wa ziwa. Ndagala anayeliwa mzima na mifupa yake anajenga mwili na mifupa yetu, na mikebuka wa kuchoma akiiva vizuri ni chakula cha heshima. Lakini Uvira pia kipindupindu kinarudi mara kwa mara. Maji ya ziwa au ya bomba, yachemshe au yatie dawa kabla ya kunywa na kupiga meno mswaki. Ukianza kuharisha, usingoje: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, ukinywa huku ukienda kituo cha afya. Kuhara kama maji ya mchele kunaweza kumaliza mtu kwa masaa machache tu.

Usiku, lala ndani ya chandarua. Kule bondeni mbu ni wengi kuliko kwetu mlimani. Homa ikija baada ya wiki moja au mbili ukiwa umerudi, usiseme ni uchovu wa safari. Nenda kupimwa siku ile ile, na umwambie muuguzi kwamba ulishuka Uvira.

Nina ombi kwa chama. Tununue kwa mchango wetu chandarua kimoja, termosi moja na chupa mbili nzuri za maji, viwekwe ndani ya kifuko kimoja. Kila mama anayesafiri akiazime, akirudishe kikiwa safi. Na baba anayebaki na watoto asimuulize kwanza mama ameleta ngapi. Amuulize kama amekula.