Geji Mbili Kwenye Mkebe wa Kimbo

Ilikuwa saa sita usiku, niko kitandani Kasarani, natazama video moja baada ya nyingine badala ya kulala. YouTube ikaniletea Mmarekani mmoja ndani ya gereji yake, anafunga mtutu mpya kwenye bunduki. Sijui kwa nini niliiacha icheze. Mimi sina bunduki, na Kenya hii risasi moja tu mfukoni bila leseni ni kesi. Kisha jamaa akatoa vipande viwili vya chuma, vifupi, vya mviringo, akaviweka mezani.

Nikaketi. Vitu kama hivyo viko kwetu Kapkatet, ndani ya mkebe wa Kimbo, pamoja na vifungo vya Kogo na betri zilizokufa.

Tukiwa watoto vilikuwa pesa zetu za kucheza duka. Siku binamu yangu alipotumia kimoja kupasua njugu juu ya jiwe, Kugo alimchapa, na hiyo ndiyo mara pekee nilimwona babu yangu akichapa mtoto. Akavipangusa kwa mafuta. "Hiki ni Ndiyo," akatuambia, "na hiki ni Hapana." Tukaona mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Kumbe ni geji. Ukibadilisha mtutu, lazima upime nafasi inayobaki kati ya uso wa bolti na mahali risasi inapokomea ndani. Nafasi ikiwa ndogo sana, bolti haifungi. Ikiwa kubwa sana inafunga vizuri kabisa, na hapo ndipo shida iko: ukifyatua, ganda la risasi linavutika kujaza hilo pengo, linaweza kukatika, na gesi ya moto ikarudi upande wa uso wako. Kwa hivyo unapima mara mbili. Bolti ifunge juu ya Ndiyo, ikatae kufunga juu ya Hapana. Unasukuma kwa kidole gumba tu, polepole, maana ukitumia nguvu bolti itakudanganya.

Kugo alikuwa msaidizi wa fundi wa silaha kwenye King's African Rifles, miaka ya hamsini. Bunduki zao zilikuwa Lee-Enfield za .303, na geji zake zimechongwa namba: .064 na .074, yaani inchi. Tofauti ni robo milimita hivi. Chukua karatasi mbili au tatu za daftari, zibane pamoja, ndiyo hiyo.

Krismasi nilishuka na matatu, Kericho, Litein, mpaka nyumbani. Baada ya chai nikamwonyesha Kogo ile video. Akaishika simu mbali na macho, akatazama mikono ya yule Mzungu kwa muda mrefu.

"Huyu anatumia zote mbili," akasema.

Halafu akanieleza, kwa Kikipsigis, bila kupandisha sauti. Kambi moja, Ijumaa, Kugo akiwa bado kijana. Mkubwa wake alikuwa ameenda safari. Kulikuwa na bunduki iliyofungwa mtutu mpya, na lori la kwenda kwa shabaha lilikuwa linapiga honi nje. Kugo akaweka Ndiyo, bolti ikafunga. Hapana hakuijaribu. Angeijaribu, angeona bolti inafunga pia, angebadilisha kichwa cha bolti. Vilikuwepo hapo kwenye droo, vya No. 4 vina namba, sifuri hadi tatu, na unachukua kilicho kirefu zaidi kuziba pengo. Kazi ya dakika chache.

Risasi mbili za kwanza zilitoka sawa. Ya tatu ganda lilikatika. Askari aliyekuwa nayo alipoteza jicho la kulia. Alikuwa mtu wa nyumbani, tena wa rika moja na Kugo.

"Walimwadhibu?"

"Hakuna aliyemuuliza. Walisema ni risasi mbovu."

Alipotoka jeshini, muda mfupi kabla ya KAR kugeuka Kenya Rifles mwaka 1963, alikuja na geji mfukoni. Ni wizi, sawa, sitamtetea. Akafungua kibanda sokoni, akawa anatengeneza cherehani na mashine za posho. Watu walimlalamikia kwa kuchelewesha kazi. Baba alikuwa anaona aibu, wateja wamesimama na magunia ya mahindi huku mzee anafungua tena kitu alichokwisha kufunga. Mimi pia nilimcheka, aki.

"Yule askari je?"

"Alikuwa anakuja hapa," Kogo akasema. "Kila mwaka, anakunywa mursik, anaenda. Ulimwona. Yule mliyekuwa mnamwogopa, wa miwani nyeusi."

"Alijua?"

Kogo akanirudishia simu. Nikaweka zile geji mbili kwenye kiganja, nikafumba macho, nikajaribu kuzitofautisha kwa kidole. Sikuweza. Baba, kutoka mlangoni, akasema tuzitupe chooni kabla polisi hawajatuuliza maswali. Kogo akanyoosha mkono, akazichukua, akazirudisha kwenye mkebe, kisha akaanza kutafuta kifungo cheupe cha sweta yangu.