Mieleka ya Butembo kabla ya Vita



Juma moja kabla ya Kwarezima vijana watano wa jumuiya yetu hapa Mabalako walinijia nyumbani, wakaketi barazani, wakanieleza shauri lao. Walitaka kukusanya fedha za mabati ya shule kwa kuandaa mieleka ya maonyesho, ile ambayo sisi wote tunaiita kachi. Wazee walikuwa wamewaambia kwamba jambo hilo lipitie kwangu kwanza, kwa kuwa ndimi niliyewafundisha watoto mafundisho ya dini kwa muda mrefu kuliko wengine. Niliwaomba warudi baada ya siku nane. Katika siku hizo nane sikulala vema, na sababu yake ndiyo ninayotaka kuwaandikia leo.

Mwaka 1987 nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane, mwanafunzi wa ualimu mjini Butembo. Nchi yetu iliitwa Zaire, na majira ya kahawa yalikuwa bado yanaleta fedha mikononi mwa watu. Wapiganaji wa kachi waliyajua majira hayo kama ndege wanavyoyajua mavuno ya mtama. Asubuhi lilipita lori lenye kipaza sauti na wapiga ngoma na tarumbeta, na juu yake walisimama watu waliovaa vinyago, vifua wazi, wamejipaka chokaa na masizi. Watoto walikimbia nyuma ya lori hilo hadi sokoni. Alasiri ulingo ulikuwa umekwisha kusimamishwa: nguzo nne za mikaratusi, kamba tatu za katani, na mbao zilizotandazwa juu ya mapipa na kufunikwa kwa magunia yaliyojazwa majani makavu ya migomba.

Kila mtu alijua mapema ni nani mwema na ni nani mwovu. Mwema alipanda akiwasalimu wazee kwa mikono miwili. Mwovu alimtemea mate mwamuzi, akamchoma mwenzake macho kwa vidole wakati mwamuzi amegeuka, na umati ukapiga kelele hadi sauti zikakauka. Lakini waliosubiriwa zaidi walikuwa wale wa dawa. Mmoja wao alipanda amevaa mikia ya wanyama na kibuyu kiunoni. Hakumgusa mpinzani wake. Alizunguka ulingo mara tatu, akavunja yai, akapuliza unga mweupe, na yule mwanamume mwenye misuli kama ya mpakia mizigo akaanza kutetemeka, akapiga magoti, akalala kama maiti. Akina mama waliokuwa mbele waliinuka wakakimbia. Hata mimi mwalimu mtarajiwa nilijikuta nimeushika msalaba wa rozari mfukoni.

Usiku ule nilikuwa na zamu ya kulinda madarasa ya shule ambamo wapiganaji walipewa nafasi ya kulala. Kabla ya jua kuchomoza nilisikia vishindo. Nilichungulia dirishani, nikamwona yule mwenye kibuyu, sasa amevaa fulana iliyotoboka, akimfunga kitambaa kifundoni mwa mguu yule aliyekuwa amemwua jioni. Kisha walianza mazoezi. Mmoja alihesabu kwa sauti ndogo, mwingine akaruka, akaanguka chali, mikono yote miwili ikipiga sakafu kwanza ili mgongo usibebe uzito wote. Walirudia mara kumi, mara ishirini. Yule mzee wa kibuyu aliponiona hakukasirika. Aliniambia, “Mwalimu, ingia. Kumwangusha mtu ni kazi rahisi. Kazi yetu sisi ni kumwangusha asiumie, na kesho apande tena.” Nilimwuliza habari za dawa. Alicheka, akasema kwamba dawa yake ni mwenzake yule: siku mwenzake asipokubali kuanguka, yeye atabaki amesimama na yai lake mkononi kama mchuuzi.

Baadaye, katika masomo yangu, nilijifunza kwamba mambo hayo hayakuanzia kwetu. Jina lenyewe la kachi limetufikia kwa njia ya Wafaransa, nao walilichukua kutoka mtindo wa mieleka wa Kiingereza ambamo mpiganaji aliruhusiwa kumshika mwenzake popote. Huko Marekani, mwaka 1908, Frank Gotch alimshinda George Hackenschmidt mjini Chicago baada ya pambano lililozidi saa mbili. Watazamaji hawawezi kukaa hivyo kila juma. Katika miaka ya 1920 Ed Lewis, pamoja na meneja wake Billy Sandow na mwenzao Toots Mondt, waliifanya mieleka iwe onyesho lenye mwendo wa haraka, mshindi akijulikana kwa wapiganaji kabla ya kengele kulia. Maonyesho hayo yalienea katika miji mikubwa na midogo ya nchi ile. Vibarua na wafanyakazi wa viwanda walilipa kiingilio wakamzomea mwovu wao kama sisi tulivyomzomea wetu. Katika miaka ya 1930, kabla ya vita vikuu, mwandaaji mmoja aitwaye Jack Pfefer aligombana na wenzake, akamtolea mwandishi wa gazeti moja la New York siri za kazi hiyo. Gazeti likazichapa. Hata hivyo watu hawakuacha kwenda.

Kwetu, Kinshasa ndiyo iliyoipa kachi sura yake ya Kikongo. Watu wa rika langu walikua wakisikia jina la Kele Kele Lituka. Dunia nzima iliutazama mji huo tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman katika raundi ya nane. Yale yalikuwa masumbwi ya kweli, lakini hamu ya ulingo ilizidi kuwashika vijana. Baada ya hapo Edingwe alipata sifa kubwa kwa kachi ya dawa. Wapiganaji waliingia barabarani na majeneza, nyoka na vinyago, na watazamaji walirudi nyumbani wakibishana kama walichokiona kilikuwa mchezo au uchawi.

Sasa nafika mahali panaponisumbua. Mwaka 1991 nilikuwa nimekwisha kuanza kazi hapa Mabalako, mwalimu wa shule ya msingi siku za juma na katekista siku za Dominika. Kikundi cha kachi kilifika jirani yetu, na watoto wa mafundisho ya Komunyo ya kwanza hawakutaka kusikia jambo jingine. Jioni ya Jumamosi darasa langu lilikuwa tupu. Nilikasirika. Dominika iliyofuata nilisimama mbele yao nikawaambia kwamba yule mtu wa dawa amepewa nguvu na shetani, kwamba anaweza kweli kumlegeza mwanadamu kwa pumzi yake, na kwamba mtoto anayekwenda kumtazama anaweza kurudi na roho isiyo yake.

Nilijua kwamba si kweli. Nilikuwa nimeuona mguu uliofungwa kitambaa. Nilikuwa nimesikia hesabu ile gizani. Lakini hofu ilifanya kazi haraka kuliko maelezo. Jumamosi iliyofuata darasa lilijaa, na padri alinipongeza kwa bidii yangu.

Mtoto mmoja tu aliuliza swali. Alikuwa na umri wa miaka kama kumi na miwili, mwana wa mama mjane aliyelima kahawa nyuma ya shule. Alisema, “Mwalimu, kama dawa hiyo inaweza kumwangusha mtu mwenye nguvu bila kumgusa, basi inaweza pia kuzuia risasi?” Nilimjibu kwamba mambo hayo yasiguswe wala yasiulizwe. Akaketi. Namkumbuka alivyoketi, kwa maana hakuwa ameridhika, na mwalimu humjua mwanafunzi asiyeridhika hata akinyamaza.

Mwishoni mwa mwaka 1996 vita vilitufikia. Askari wa serikali waliokuwa wakikimbia walipora maduka na nyumba, wengine wakaja nyuma yao, na mwezi Agosti 1998 vita vya pili vikaanza kabla ya machozi ya vile vya kwanza kukauka. Vijana wengi waliingia msituni kwa Mayi-Mayi. Baadhi walikwenda ili kuwalinda wazazi wao, na si juu yangu kuwahukumu. Lakini ninyi mnajua jina lenyewe la Mayi-Mayi linatoka wapi. Walinyunyiziwa maji, wakapewa masharti, wakaambiwa kwamba risasi zitageuka maji. Ni ahadi ya zamani. Wapiganaji wa Simba waliipokea hapa Kongo mwaka 1964. Huko Tanganyika, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu wa kusini maji kama hayo mwaka 1905. Wajerumani walimnyonga katika mwaka uleule, na bunduki zao hazikugeuka kitu kingine.

Yule kijana alikwenda mwaka 1999. Nilikutana naye njiani siku moja kabla hajaondoka, amevaa kibuyu kidogo shingoni. Nilianza kumsihi asiende. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, “Mwalimu, ni wewe uliyetufundisha kwamba dawa hizi zina nguvu. Tofauti ni kwamba sisi tutazitumia kwa ajili ya nchi yetu.” Miezi michache baadaye waliuleta mwili wake juu ya machela ya miti. Mama yake alinishika mikono, akanishukuru kwa kumfundisha mwanawe kusali.

Sisemi kwamba neno langu peke yake lilimpeleka. Vita ilikuwa na sababu nyingi kuliko katekista mmoja. Lakini aliponiuliza nilikuwa na jibu la kweli mkononi mwangu, na nililificha kwa sababu uongo ulikuwa umenijazia darasa. Mzee wa kibuyu, aliyedanganya watu kwa kazi yake, aliniambia ukweli mara moja nilipomwuliza. Mimi niliyewekwa kusema ukweli nilimdanganya mtoto aliyeniuliza.

Mwaka 2018 Bwana alinipa nafasi ya kujifunza tena. Tarehe 1 Agosti ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Ebola umeingia katika zone yetu ya afya ya Mabalako, huko Mangina. Kabla ya kwisha tarehe 25 Juni 2020, ugonjwa huo uliwaua watu zaidi ya 2,200 katika majimbo yetu. Uvumi ulienea kwamba majeneza yanazikwa matupu na kwamba viungo vya wafu vinauzwa. Wengine walinijia wakitaka niwatishe watu kwa jina la Mungu ili watii. Nilikumbuka darasa langu la mwaka 1991, nikakataa. Badala yake niliwaomba wale wa mazishi wamruhusu ndugu mmoja wa marehemu atazame kwa umbali uliofaa kabla ya kifuniko kufungwa, nami nikasimama kando yake. Kisha tulirudi pamoja mtaani, naye akawaeleza watu alichokiona kwa macho yake. Wengi bado walikataa. Lakini wachache waliosadiki, walisadiki kitu cha kweli.

Vijana wale watano walirudi siku ya nane kama tulivyopatana. Niliwaambia kwamba sikatai. Mchezo ambamo watu wawili wanapatana kuangushana bila kuumizana si jambo baya katika nchi iliyoona watu wakiangushwa kwa kweli. Lakini niliwapa masharti mawili. La kwanza, asipande mtu ulingoni akidai kwamba dawa yake ni ya kweli. Kama wanataka yai na unga mweupe, na wavitumie kama mavazi ya mchezo. La pili, onyesho likiisha, wavue vinyago mbele ya watoto, na wawaonyeshe polepole namna ya kuanguka: jinsi mikono inavyotangulia, jinsi mwenzako anavyokushika usivunjike shingo.

Mweka hazina wao, kijana mwenye akili, alikunja uso. “Mwalimu, tukiwaonyesha siri, mwaka ujao nani atalipa?” Nikamsimulia habari za lile gazeti la New York. Nikamwambia kwamba watu walizisoma siri hizo, na bado wako walioendelea kulipa kiingilio, kwa kuwa hawakuwa wakinunua udanganyifu tu. Walitaka kumwona mwovu akianguka, na tamaa hiyo hata sisi tunayo. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza kama nitakubali kuwa mwamuzi. Nilimjibu kwamba magoti yangu hayaruhusu, lakini nitawasimulia watoto habari ya alfajiri ile ya Butembo, na habari ya darasa langu pia.

Onyesho litafanyika baada ya Pasaka. Kabla ya hapo nina safari fupi ya kufanya, hadi nyuma ya shule. Kahawa ya mama yule ilikufa kwa ugonjwa miaka mingi iliyopita, na sasa analima kakao. Tangu mazishi yale ameniita mwalimu wa mwanawe kwa sauti ya shukrani, nami nimeipokea shukrani hiyo bila kumwambia lile swali nililokataa kulijibu. Si haki aisikie habari hiyo kwa mara ya kwanza akiwa kati ya umati. Ndugu, mniombee nipate maneno, na yeye mumwombee apate nguvu za kuyasikia.